Masika Hayasubiri Usajili

Kanuni za usajili wa wanafunzi wa uzamili katika vyuo vikuu vyetu zimeandikwa kana kwamba elimu yote hupatikana darasani. Zinahesabu mihula, wiki chache za kubadilisha kozi, siku ya mwisho ya kulipa ada, na miezi ambayo mtu anaruhusiwa kubaki kwenye orodha ya wanafunzi. Mvua hazimo. Kwa chuo kinachofundisha sheria katikati ya jiji upungufu huo unavumilika. Kwa Morogoro, mji uliokaa miguuni pa Milima ya Uluguru na wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, upungufu huo unakula miaka ya watu. Msimamo wangu ni kwamba usajili wa kozi na usajili wa utafiti ni mambo mawili tofauti, na kuyafunga yote kwenye saa moja ya muhula kunawachelewesha wanafunzi wa sayansi za shambani kuliko uvivu wanaosingiziwa. Kunawabadilishia pia maswali ya utafiti, na hasara hiyo ya pili huwa haiandikwi popote.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha tatizo liko wapi. Katika mfumo wa sifa wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya uzamili inadai krediti 180. Hizo ni saa 1,800. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki atazimaliza kwa wiki 45, hata mwaka haujatimia. Uingereza, ambako krediti ina kipimo hicho hicho na uzamili una krediti 180 hizo hizo, kawaida ni miezi 12. Huku kwetu programu yenye kozi na tasnifu hupangiwa miezi 18 hadi 24, na bado maombi ya nyongeza ya muda hayakauki kwenye meza za kamati za shahada za juu. Kwa hiyo saa zipo za kutosha. Kinachokosekana ni tarehe: siku ile hasa ambayo kazi inaweza kufanyika, na ambayo ikipita hairudi mpaka mwaka uzunguke.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa agronomia aliyeanza Novemba 2024, anayetaka kupima viwango vya mbolea kwenye mahindi huko Mlali, pale njia inapoanza kupanda kuelekea Mgeta. Masika ya 2025 yanamkuta darasani. Anamaliza mitihani ya kozi katikati ya mwaka. Matokeo yanapita idarani, yanapita kwenye ndaki, yanafika Seneti. Andiko la utafiti analiwasilisha, linarudishwa, analisahihisha, analiwasilisha tena. Mwaka wa pili unafunguliwa na usajili unaanza upya: anaomba namba ya malipo ya serikali, zile tarakimu 12, anakwenda nayo benki au anailipia kwa simu, kisha anasubiri mfumo usome. Mfumo ukishasoma, ndipo anapoweza kuomba barua ya kufanya utafiti. Barua hiyo hutoka kwa Makamu Mkuu wa Chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikateremka Halmashauri ya Wilaya ya Mvomero, ikafika kwa mtendaji wa kata na mwisho kwa mtendaji wa kijiji. Kila meza ina siku zake. Wakati huo wote wakulima wa Mlali wanalima na kuchavanga, na mwanzoni mwa Machi, ardhi ikishaloa, mbegu zinaingia chini. Mwanafunzi wetu anafika na vigingi vyake vya vitalu katikati ya Aprili. Anapanda, kwa sababu barua anayo na ada amelipa. Mahindi yake yanatoa mbelewele na ndevu katikati ya Juni, mvua ikiwa imekwisha wiki kadhaa nyuma. Alikuja kupima mbolea, akaishia kupima kiu. Vipimo hivyo havijibu swali lake, na masika mengine ni 2027, miezi kadhaa baada ya muda wake wa miezi 24 kumalizika.

Ndani ya miezi hiyo 24 alikuwa na masika mawili tu. Ya kwanza yalichukuliwa na kozi, ya pili yalichukuliwa na usajili na barua. Agronomia yenyewe hutaka misimu miwili ya vipimo kabla mtu hajamwambia mkulima atumie kiasi fulani cha mbolea, maana mvua za mwaka mmoja zinaweza kudanganya. Kanuni zetu zimepanga kana kwamba msimu mmoja unatosha, kisha zikaweka mlolongo unaoweza kumnyima mtu hata huo mmoja. Vuli haiokoi jambo. Kwenye maeneo ya chini ya Morogoro ni mvua fupi na za kubahatisha, na huja mwezi ule ule ambao mwanafunzi yuko kwenye foleni ya kujisajili upya.

Uluguru penyewe pana ugumu zaidi, kwa kuwa mlima huu hauna kalenda moja. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, unapokea upepo wa bahari na mvua inayovuka milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi mikavu kabisa ni michache. Morogoro mjini, chini ya kilele cha Lupanga, mvua haifiki nusu ya hiyo. Mgeta, upande wa magharibi, hulima mboga kwenye baridi na kwa mifereji, kwa mpangilio wake. Anayechunguza migomba ya Kinole anasubiri mwaka mzima au zaidi tangu kupanda mche hadi kukata mkungu, na hakuna muhula unaoenea hapo. Anayechunguza panya shamba, fani ambayo SUA imejijengea jina kubwa kupitia kituo chake cha udhibiti wa visumbufu, lazima atege mitego mwezi baada ya mwezi, kwa sababu kuzaliana kwa panya hao kunafuata mvua, na mwezi uliorukwa haufidiwi. Akifungiwa usajili Desemba kwa sababu ada ya mfadhili haijaingia, jedwali lake lina tundu la Desemba milele.

Madhara makubwa zaidi ya mpangilio huu hayaonekani kwenye orodha ya waliochelewa. Yanaonekana kwenye vichwa vya tasnifu. Mwanafunzi mwenye akili anapiga hesabu mapema. Anaona kwamba jaribio la shambani lina hatari ya kupoteza mwaka, na dodoso halina. Dodoso linaweza kupelekwa kijijini mwezi wowote, likajazwa kwa wiki mbili, likachambuliwa kwa kompyuta. Basi swali la kwanza, lile la kuuliza udongo wa mteremko fulani unapoteza nini kila masika, linageuka kuwa swali la mtazamo wa wakulima kuhusu hifadhi ya udongo. Mitazamo ya wakulima ni jambo la maana na wapo wanaoichunguza vizuri sana. Lakini mtu anapochagua njia ya utafiti kwa kuogopa tarehe ya kufutiwa usajili, chuo kimeshamchagulia sayansi yake bila kukaa naye hata siku moja. Nchi inayotegemea Mto Ruvu, unaoanzia kwenye milima hii, kulinyweshea maji Jiji la Dar es Salaam, inahitaji watu wanaopima tope linaloshuka mtoni wakati linashuka. Haliwezi kupimwa Septemba.

Kuna watakaosema hili ni la wakulima peke yao. Hapana. Kilomita ishirini na ushei kutoka mjini, kwenye barabara ya Iringa, kipo Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho mizizi yake ni shule ya serikali za mitaa iliyoanzishwa 1953. Mwanafunzi wa uzamili wa utawala anayechunguza jinsi halmashauri zinavyopanga bajeti naye ana masika yake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Vikao vya bajeti vya halmashauri hukaa miezi ya mwanzo wa mwaka. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani bungeni baada ya hapo. Akikosa vikao vya Februari, atasimuliwa tu kilichosemwa. Tofauti yake na mwenzake wa Mlali ni kwamba mihtasari hubaki kwenye majalada, wakati mvua haiachi muhtasari.

Usajili wa kozi nao una kasoro yake, ingawa ndogo zaidi. Mwanafunzi hupewa wiki mbili hivi mwanzoni mwa muhula kuongeza au kuacha kozi. Kwa shahada ya kwanza muda huo unatosha, maana njia imeshachorwa. Kwa uzamili, kozi za hiari zinapaswa kufuata swali la utafiti, na swali hilo wiki ya pili bado halijapata umbo. Mara nyingi hata msimamizi hajateuliwa. Matokeo yake mtu anachagua kozi ambayo wenzake wamechagua, kwa sababu kozi yenye watu watatu inaweza isifundishwe muhula huo. Halafu kuna suala la mfuatano. Kozi ya takwimu na upangaji wa majaribio ikikaa muhula wa pili, hakuna namna andiko zuri litaandikwa kabla ya katikati ya mwaka, kwa kuwa mwandishi hajui bado kitalu chake kiwe na marudio mangapi. Kosa hilo dogo la ratiba linasukuma andiko, andiko linasukuma barua, barua inasukuma mbegu. Ukitafuta mahali ambapo masika yalipotea, mara nyingi utayakuta yamepotelea hapo, miezi 16 kabla ya mvua kunyesha.

Sasa niwajibu wanaopinga, maana wapo pande zote mbili na kila upande una neno. Wanafunzi wengi husema: nikiwa shambani situmii darasa wala bweni, kwa nini nilipe na kujisajili? Siwaungi mkono. Usajili ndio unaoipa barua ile nguvu. Mtendaji wa kijiji anapouliza wewe ni nani na unachimba nini kwenye shamba la mtu, jibu lake ni karatasi yenye muhuri wa chuo ambacho wewe ni mwanafunzi wake leo hii. Ukiwa nje ya orodha, msimamizi hana wajibu wa kusoma sura yako, maabara haina sababu ya kupokea sampuli zako za udongo, na ukiumia mlimani hakuna taasisi inayokuhesabu kama mtu wake. Usajili usiokatika ni kinga ya mwanafunzi. Nisichokubali ni kwamba kinga hiyo iuzwe kwa bei ya mwaka mzima wa masomo kwa mtu anayesubiri mvua, na kwamba miezi ya kusubiri ihesabiwe kama miezi ya uzembe.

Upande wa pili ni wa walimu na watawala, na hoja yao ni ubora. Tukilegeza kamba, wanasema, watu watakaa miaka saba kwenye uzamili, na TCU itatuuliza. Hofu hiyo ina msingi. Wapo wanafunzi wanaojisajili, wanarudi kazini kwao mikoani, na hawaonekani tena mpaka barua ya kufutwa iwafuate. Hata hivyo kamba inayobana leo haiwakamati hao. Inamkamata yule aliye shambani, kwa sababu ndiye anayehitaji barua, sampuli na sahihi kila mwezi. Aliyetoweka hahitaji chochote, hivyo kanuni haimgusi mpaka mwisho. Na kuhusu ubora, tasnifu yenye msimu mmoja uliopandwa kwa kuchelewa ina ubora gani? Mtahini wa nje anayejua kazi yake ataona tarehe ya kupanda kwenye sura ya tatu na kujua yote yaliyofuata. Wengine hurudia kwamba wanafunzi wa uzamili huchelewa kwa sababu wanasoma huku wakifanya kazi. Kazi huchelewesha, sikatai, lakini haielezi kwa nini hata mwenye ufadhili kamili na ruhusa ya mwajiri hujikuta akipanda Aprili.

Hoja ngumu kuliko zote ni ile ya usawa: kanuni lazima iwe moja kwa wote, la sivyo kila idara itajitungia yake. Uluguru imewahi kuishi chini ya kanuni moja kwa wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, uliowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilipimwa kwa urefu wa tuta lililochimbwa. Kwenye udongo mwembamba, kuchimba kulipandisha juu udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule uliokuwa ukilisha watu, na mazao yakashuka. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo waligoma, mtu mmoja akauawa katika ghasia hizo, na mpango ukaachwa. Sifananishi ada ya chuo na damu iliyomwagika Matombo. Ninachokitazama ni kile kipimo. Kilihesabu kitu kilicho rahisi kuhesabika, wakati mteremko mmoja na mwingine haifanani. Usawa wa kanuni unapaswa kuwa kwenye kiwango cha kazi inayodaiwa, yaani krediti 180 kwa kila mtu. Tarehe za kuifanya kazi hiyo zinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kupendelewa.

Nini kifanyike? Jambo la kwanza halihitaji fedha. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba kwa sababu ya wahitimu wa kidato cha sita: wanafanya mtihani Mei, matokeo yanatoka Julai, udahili unafuata. Mwanafunzi wa uzamili hatoki kidato cha sita. Hana sababu ya kusubiri foleni hiyo. Kozi za uzamili zikianza mapema Septemba, zinaisha Mei au mapema Juni, na chuo kinapata miezi miwili ya ziada kabla ya masika ya mwaka wa pili. Vipo vyuo nchini vinavyodahili wanafunzi wa uzamili zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo tarehe ya kuanza si amri ya mbinguni. Kozi ya takwimu na ya mbinu za utafiti ziwekwe muhula wa kwanza kwa programu zote za shambani. Msimamizi ateuliwe mwezi wa kwanza, na fomu ya kozi za hiari isipokelewe bila sahihi yake. Kozi inayokosa watu SUA lakini inafundishwa Mzumbe, au kinyume chake, mwanafunzi aruhusiwe kuichukua huko na krediti zake zihesabiwe. Kipimo ni kimoja, saa 10 kwa krediti, na basi la kwenda Mzumbe ni la kila siku.

Jambo la pili ni kuwa na usajili wa utafiti unaojitegemea, wenye hali tatu zinazoeleweka: yupo kazini, anasubiri msimu, anaandika. Anayesubiri msimu anabaki mwanafunzi kamili, barua yake ni hai, maktaba na msimamizi wake ni wake, analipa kiasi kidogo cha huduma, na miezi hiyo haiingii kwenye ukomo wake. Hili ni tofauti na kuahirisha masomo, ambako mtu hutoka kabisa na kurudi kwa maombi mapya. Ili mlango huu usigeuzwe kuwa maficho, hali ya kusubiri itolewe mara moja tu, kwa kipindi kisichozidi miezi tisa, na kwa tarehe iliyothibitishwa na msimamizi na mkuu wa idara. Anayeandika awe na muda mkali kuliko wa sasa, maana sura haisubiri mvua. Na msimamizi naye awekwe kwenye saa hiyo: sura ikikaa mezani kwake zaidi ya siku 21, siku zinazozidi zirudishwe kwa mwanafunzi ndani ya mfumo ule ule unaomhesabia ada.

Kwa wenye wafadhili, iwekwe nafasi ya usajili wa muda wa siku 60. Leo mfadhili anataka barua ya usajili ndipo atume fedha, na chuo kinataka fedha ndipo kitoe usajili. Anayezunguka katikati ni mtu asiye na uwezo wa kumsukuma yeyote. Barua ya ufadhili iliyothibitishwa itoshe kumfungulia mfumo, deni libaki kati ya taasisi mbili.

La mwisho ni mstari mmoja tu kwenye fomu. Fomu ya usajili wa utafiti iulize: mbegu, mtego au dodoso linaingia kazini tarehe gani? Idara ihesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Kwa mwanafunzi wa Mlali anayepanda wiki ya kwanza ya Machi, wiki nne ni za kuandaa shamba, nne za barua kupita meza zake zote, sita za kusahihisha andiko na kulipitisha. Semina yake inaangukia mwishoni mwa Novemba. Ili awe na kitu cha kusimama nacho siku hiyo, uandishi unapaswa kuanza Mei, muhula wa pili, ukiwa na krediti zake kama kozi nyingine yoyote. Mei ni mwezi mzuri kwa kazi hiyo: mahindi ya wenzake waliomtangulia yanakuwa bado yamesimama huko Mlali, vibao vikiwa kwenye kila kitalu, na anaweza kupanda gari asubuhi akaihesabu mistari yake kwa macho yake kabla hajaandika idadi ya marudio yake.